Msamiati Mpana wa Kiingereza kwa Msemaji wa Kiswahili

Mhadhara uliotolewa Dodoma mbele ya walimu, watumishi wa umma na wanafunzi



Nawashukuru walionialika, na nawashukuru hasa mliosafiri kutoka Kondoa, Chemba, Mpwapwa, Kongwa na Bahi kuja kusikiliza habari ya maneno. Nawaona pia vijana wa kidato cha nne mliokaa kule nyuma na madaftari yenu. Sehemu kubwa ya mazungumzo haya nimewaandalia ninyi, ingawa naamini wakubwa nao watapata la kuondoka nalo.

Mada niliyopewa ni ujenzi wa msamiati wa juu wa Kiingereza. Haja ya mada hii tunaishi nayo hapa Dodoma kila siku. Mtumishi wa wizara pale Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, hujadili mradi wa maji na wenzake kwa Kiswahili, kisha hukaa mezani kuandika taarifa ya Kiingereza itakayosomwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma hubishana na wenzake bwenini kwa Kiswahili, na mtihani huujibu kwa Kiingereza. Mkulima wa zabibu wa Makutupora huutambua ugonjwa wa ubwiri unga kwa kulitazama jani tu, lakini maelezo yaliyo kwenye chupa ya dawa mara nyingi yameandikwa kwa Kiingereza. Wote watatu wana akili na wana maarifa ya kazi yao. Kinachowapungukia, pale kinapopungua, ni maneno.

Kusudi langu leo ni kuonyesha jambo moja: msamiati mpana wa Kiingereza hujengwa juu ya maarifa tuliyo nayo tayari katika Kiswahili na katika lugha zetu za nyumbani, kwa kusoma sana na kwa kurudia kwa mpango. Nitalieleza kwa hoja tano, kisha nitataja kazi ninayoiona mbele yetu.

Hoja ya kwanza: Msamiati wa juu ni usahihi

Wengi wetu tukisikia "msamiati wa juu" tunawaza maneno marefu, adimu, yanayomfanya msikilizaji ashangae. Naomba tuliweke kando wazo hilo, kwa sababu limewapotezea vijana wengi muda wao.

Tuanze na hesabu. Mwaka 1953 Michael West, mwalimu Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi huko Bengal, alichapisha orodha ya maneno ya msingi ya Kiingereza yapatayo 2,000. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha nyingine yenye familia 570 za maneno ya kitaaluma, yaani yale yanayojirudia katika vitabu vya sayansi, sheria, biashara na historia: "analyse", "significant", "contrast", "derive" na mengine ya aina hiyo. Nikisema familia nina maana ya neno pamoja na yale yaliyozaliwa nalo. Sisi tuna soma, somo, msomaji, usomaji na kisomo. Kiingereza kina "decide", "decision", "decisive" na "undecided". Orodha hizo mbili kwa pamoja hufikia karibu maneno tisa katika kila kumi ya kitabu cha kitaaluma.

Lakini neno moja la kumi likibaki gizani, msomaji hujikwaa katika kila mstari. Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa lugha aliyefanya kazi Wellington, alikadiria mwaka 2006 kwamba anayetaka kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila kusaidiwa anahitaji familia 8,000 hadi 9,000. Akifika hapo ataelewa takriban maneno 98 katika kila 100.

Hesabu hii inatupa njia yenye hatua tatu. Ya kwanza ni maneno 2,000 ya msingi. Ya pili ni maneno ya kitaaluma. Ya tatu ni maneno ya fani yako na ya usomaji mpana. Vijana, nawasihi msiruke hatua. Mwanafunzi aliyekariri "ubiquitous" huku hajui vizuri "although", "unless" na "whereas" atakosa swali la mtihani ambalo jibu lake analijua. Maneno hayo madogo ndiyo yanayobeba mantiki ya sentensi nzima.

Sasa, usahihi ni nini? Tutazame kazi za mji wetu. Kwa Kiswahili, Spika huahirisha kikao cha Bunge, waziri huahirisha safari, na mahakama huahirisha kesi. Kitenzi ni kimoja na tunaelewana. Kwa Kiingereza kikao cha Bunge ni "adjourn", safari ni "postpone", na kesi inaweza kuwa "adjourn" au "postpone" kulingana na hatua iliyofikia. Leseni ikisimamishwa kwa muda ni "suspend". Ikifutwa moja kwa moja ni "revoke". Mwandishi wa muhtasari wa kikao akiweka "cancel" mahali pa "postpone", msomaji aliye mbali ataamini kwamba mradi umekufa, kumbe umesogezwa mwezi mmoja. Hakuna neno adimu hata moja katika mifano hiyo. Msamiati wa juu ni kulijua neno linalofaa na kuliweka mahali pake.

Hoja ya pili: Maana hutangulia neno

Tangu 1967 karibu shule zote za msingi za serikali Tanzania Bara zimefundisha kwa Kiswahili, na sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari na baadaye elimu ya juu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, waliandika ripoti iliyoeleza kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu wa sekondari hakikutosha kusomea masomo mengine. Mjadala wa lugha ya kufundishia bado upo na kila mmoja wetu ana msimamo wake. Leo naomba tushike jambo ambalo pande zote mbili zinaweza kukubaliana nalo.

Mtoto anayeingia kidato cha kwanza hakuja mikono mitupu. Amekaa shuleni miaka yote ya elimu ya msingi akijifunza mmeng'enyo wa chakula, mvukizo, usanisinuru, sehemu na asilimia. Anazijua dhana hizo. Anachokosa ni majina mapya ya vitu anavyovijua. Tukimfundisha kana kwamba hajui chochote, tunamtwika mizigo miwili kwa mara moja: dhana na neno. Tukianza na anachokijua, mzigo unabaki mmoja, na huo ataubeba.

Nitoe mfano wa mkoani kwetu. Hakuna mtoto wa Kondoa asiyelijua korongo. Wazee wa Irangi, huko huko Kondoa, waliona kwa macho yao udongo wa vilimani ukishuka na maji kwenda bondeni, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi tunaujua kwa kifupi chake, HADO. Matuta yalijengwa, miti ikapandwa, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika sana la Kondoa. Uamuzi ule ulikuwa mgumu, kwa maana ng'ombe kwa mfugaji ndiye benki, mahari na heshima. Katika miaka iliyofuata uoto ulirudi kwenye vilima vilivyokuwa vimebaki wazi.

Mwalimu wa jiografia, kisa hicho ni hazina yako. Waache wanafunzi wakisimulie kwanza kwa Kiswahili, na ikibidi kwa Kirangi, mpaka kila mmoja aelewe nini kilisababisha nini. Kisha leta maneno: mmomonyoko ni "erosion", korongo ni "gully", maji yanayotiririka juu ya ardhi bila kuzama ni "run-off", udongo uliobebwa ukatuama bondeni ni "sediment", kulisha mifugo kupita uwezo wa ardhi ni "overgrazing", kupunguza mifugo ni "destocking", tuta la kuzuia maji ni "bund". Mwisho waandike aya moja ya Kiingereza wakitumia maneno hayo yote. Maneno saba yameingia kwa siku moja, na yamekaa, kwa sababu kila moja limeshikwa na jambo ambalo mtoto analiona akitoka nje ya darasa.

Kongwa inatupa funzo la upande wa pili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha pale mradi mkubwa wa karanga. Mipango yake iliandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka, yenye makadirio ya mavuno na orodha za mitambo. Lakini waandishi wake hawakuujua vya kutosha udongo wa Kongwa, ambao kiangazi hukauka ukawa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya trekta, wala hawakuzijua mvua zetu zisizoaminika. Mwaka 1951 mradi uliachwa baada ya kutafuna zaidi ya pauni milioni 30. Ufasaha wa Kiingereza haukuweza kujaza pengo la maarifa. Kwa hiyo tunapotafuta maneno, tusiache kutafuta mambo yenyewe. Mkulima wa Kongwa alikuwa na jibu ambalo mwandishi wa ripoti alilihitaji, na laiti wawili hao wangekuwa na lugha ya kuelewana, huenda historia ingekuwa nyingine.

Hoja ya tatu: Tusome sana, na tuanzie kwetu

Hakuna mtu anayeweza kufundishwa darasani familia 8,000 za maneno. Saa hazitoshi. Maneno mengi ambayo msomi yeyote anayajua aliyapata kwa kuyakuta mara nyingi ndani ya vitabu, katika mazingira tofauti, mpaka akayazoea. Nchi yetu iliwahi kulitambua hilo: mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwapo mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, uliofadhiliwa na Uingereza, ambao ulipeleka katika shule za sekondari vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi, vimepangwa kwa ngazi. Walimu wa umri wangu mtakuwa mnavikumbuka.

Swali ni uanze na kitabu gani. Kuna kipimo rahisi. Ikiwa tunahitaji kuelewa maneno 98 katika 100, basi katika ukurasa wenye maneno 300 yasizidi maneno sita usiyoyajua. Yakizidi sana, kitabu hicho kiweke rafuni, utakirudia mwakani, na uchukue kilicho chepesi zaidi. Hakuna aibu kwa mtu mzima kusoma kitabu chepesi. Hasara ni kusoma kitabu kizito kurasa tatu, ukachoka, ukaacha kusoma kabisa.

Na tuanzie kwetu. Hapa Dodoma tuna bahati ambayo mikoa mingi haina. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, karibu kabisa na mahali uliposimama Mji wa Serikali leo, aliandika kwa Kiswahili historia, mila na desturi za Wagogo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1954. Mwaka 1995 kikatoka kwa Kiingereza, kimetafsiriwa na kuhaririwa na mwanahistoria Gregory Maddox. Fikirini faida yake. Kijana wa Ihumwa anaweza kuvifungua vitabu viwili pamoja, akasoma aya ya Kiswahili inayozungumzia watawala wa jadi, njaa, ng'ombe na ndoa, mambo ambayo bibi yake anaweza kumweleza, kisha akasoma aya hiyohiyo kwa Kiingereza. Maana anayo tayari. Kila neno jipya analolikuta linajieleza lenyewe. Sijui njia nyepesi kuliko hiyo ya kuvuka kutoka Kiingereza cha darasani kwenda Kiingereza cha vitabu.

Njia hiyo inafaa pia kwa fasihi. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili: ya Julius Caesar mwaka 1963, na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Alifanya kazi hiyo akiwa kiongozi wa nchi changa yenye shughuli nyingi. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayehangaika na Kiingereza cha kale cha Shakespeare akianza na Kiswahili cha Mwalimu atajua nani anamsaliti nani na kwa nini, kisha ndipo aende kwenye asili. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliandika kwa Kiingereza riwaya ya *Paradise* iliyotoka mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*. Riwaya hiyo inamfuata kijana Yusuf kutoka pwani hadi bara pamoja na msafara wa wafanyabiashara. Ulimwengu wake tunaujua, na Kiingereza chake ni cha daraja la kwanza. Zaidi ya hayo, mwandishi wake alikulia ndani ya Kiswahili, akaondoka Zanzibar akiwa kijana, na Kiswahili hakikumzuia kukifikia kilele cha Kiingereza. Hilo nalisema kwa sauti ili wazazi wanaowakataza watoto Kiswahili nyumbani wanisikie.

Hoja ya nne: Jifunze muundo wa neno na maneno yanayoandamana nalo

Msemaji wa Kiswahili ana kipawa ambacho mara nyingi hakitambui. Amezoea tangu utotoni kuona mzizi mmoja ukivaa viambishi na kuzaa maana mpya: pika, pikia, pikwa, pikisha, mpishi, mapishi. Jicho hilohilo linaweza kusoma Kiingereza. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala na Kilatini kikaendelea kuwa lugha ya kanisa na usomi. Kwa njia hizo Kiingereza kilipokea maelfu ya maneno yenye mizizi ya Kilatini. Ukiujua mzizi "port", wenye maana ya kubeba, unapata "transport", "import", "export", "portable" na "deport". Ukiujua "struct", wenye maana ya kujenga, unapata "structure", "construct", "destruction" na "infrastructure". Viambishi kama "-tion", "-ment", "-less", "un-" na "re-" si vingi, na kila kimoja kitakufungulia mamia ya maneno. Walimu, gawanyeni mizizi kwa wiki. Mzizi mmoja kila wiki kwa miaka minne ya sekondari unatosha kumbadilisha msomaji.

Muundo pekee hautoshi. Kila neno lina mengine linaloandamana nayo, na hapa ndipo tafsiri ya moja kwa moja inapotupoteza. Chukueni kivumishi chetu -kali. Tunasema chai kali, jua kali, kisu kikali, mbwa mkali, mwalimu mkali na adhabu kali. Kivumishi kimoja kinafanya kazi zote. Mwingereza atasema "strong tea", "scorching sun", "sharp knife", "fierce dog", "strict teacher" na "severe punishment". Akisikia "sharp tea" ataelewa kwa shida. Basi usiandike katika daftari lako kwamba "strict" ni kali, ukaishia hapo. Andika "strict teacher", "strict rules", "strict instructions". Neno likihifadhiwa pamoja na wenzake litatoka mdomoni pamoja nao.

Vivyo hivyo kwa vitenzi. Sisi tunajadili kuhusu bajeti, na watumishi wengi huandika "discuss about the budget", ilhali Kiingereza kinasema tu "discuss the budget". Uamuzi ni "make a decision", tahadhari ni "take precautions", utafiti ni "do research" au "carry out research". Na tuwe waangalifu na maneno yaliyotoka Kiingereza yakaja kuishi kwetu na maana nyingine. Hoteli kwa Mtanzania inaweza kuwa mahali pa chai na chapati pasipo na kitanda hata kimoja. Mgeni akielekezwa "hotel" atategemea chumba cha kulala.

Katika kazi hii tumieni kamusi mbili. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1996, itakupa maana upesi. Kisha nenda kwenye kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa lugha, kama ile iliyoanzishwa na A. S. Hornby, ambayo Oxford wamekuwa wakiichapisha tangu 1948. Hiyo itakupa sentensi za mfano, matamshi, na maneno yanayoandamana. Ya kwanza hukuonyesha neno lina maana gani, na ya pili hukuonyesha linatumikaje.

Hoja ya tano: Rudia kwa mpango, tumia bila woga

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kumbukumbu. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya tunachokariri hupotea mapema sana, katika saa na siku za mwanzo, kisha upotevu hupungua kasi. Aliona pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali yana nguvu kuliko marudio yaliyorundikwa siku moja. Wanafunzi mnaokesha usiku wa kuamkia mtihani, hiyo ndiyo sababu maneno yanawakimbia wiki inayofuata.

Katika miaka ya 1970 mwandishi Sebastian Leitner aliigeuza hoja hiyo kuwa zana ambayo mtu yeyote anaweza kuitengeneza. Kata karatasi ya manila iwe vikadi. Upande mmoja andika neno ndani ya sentensi uliyolikuta. Upande wa pili maana ya Kiswahili na maneno mawili matatu yanayoandamana nalo. Chukua boksi la viatu, ligawe vyumba vitano. Kadi mpya inakaa chumba cha kwanza, nacho hupitiwa kila siku. Ukiikumbuka, inahamia chumba cha pili, kinachopitiwa baada ya siku chache. Kisha cha tatu, kila wiki. Cha nne, kila baada ya wiki mbili. Cha tano, kila mwezi. Ukiisahau popote ilipo, inarudi chumba cha kwanza. Wenye simu wanaweza kupata programu zinazofanya kazi hiyohiyo, lakini boksi la viatu halihitaji umeme wala bando.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Maneno matano kwa siku, siku sita kwa wiki, ni 30. Kwa wiki 50 ni 1,500. Hata theluthi moja ikipotea, unabaki na 1,000 kwa mwaka. Anayeanza leo akiwa kidato cha kwanza atamaliza kidato cha nne akiwa na maneno 4,000 ya ziada, kwa kazi ya dakika ishirini kila siku.

Tahadhari moja kuhusu kadi: usijifunze siku moja maneno mawili yanayofanana au yanayopingana. "Borrow" na "lend" ni mfano mzuri, kwa kuwa Kiswahili hutumia kuazima kwa pande zote mbili. Ukiyaweka pamoja yatachanganyika kwa miaka. Shika "borrow" kwanza, ulitumie wiki kadhaa, kisha ulete "lend".

Na neno halijawa lako mpaka ulitumie. Andika aya moja kila jioni. Shiriki midahalo. Somea wenzako taarifa ya habari kwa sauti. Hapa naomba niseme na walimu na wakuu wa shule kwa heshima zote. Ziko shule ambamo mtoto akizungumza Kiswahili huvishwa kibao shingoni au huchapwa. Naupinga utaratibu huo kwa moyo wangu wote. Mtoto anayeogopa hukaa kimya, na aliyekaa kimya hajifunzi kusema lugha yoyote. Jumapili kanisani na Ijumaa msikitini tunawafundisha kuheshimu wazazi. Jumatatu tunawaaibisha kwa lugha waliyofundishwa na wazazi haohao. Tuwape kipindi, ukumbi na sababu ya kusema Kiingereza, na anayekosea asahihishwe bila kuchekwa.

Kazi iliyo mbele yetu

Ndugu zangu, mtu anaweza kuuliza: ikiwa Kiswahili kinazidi kupanda, kwa nini tujisumbue na Kiingereza? Mwaka 2021 Bunge, hapa hapa Dodoma, lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha yake ya kazi. Nafurahia mambo hayo mawili bila kiasi. Lakini yameongeza mahitaji ya watu wenye Kiingereza kipana. Sheria nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza na lazima zitafsiriwe. Mtafsiri anayekutana na "responsible", "liable" na "accountable" akayapa yote neno kuwajibika atakuwa ameubadilisha uzito wa sheria, na mwananchi wa Mpwapwa ndiye atakayeumia mahakamani. Anayetaka kukitumikia Kiswahili leo anahitaji Kiingereza cha ndani, na anayetaka Kiingereza cha ndani anahitaji Kiswahili kilichokomaa.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu. La kwanza, kila shule ya sekondari mkoani kwetu ianzishe daftari kubwa la maneno kwa kila somo, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande mwingine, likijazwa na wanafunzi wenyewe tangu kidato cha kwanza, likihakikiwa na mwalimu wa somo kwa kufuata istilahi za Baraza la Kiswahili la Taifa, na likirithishwa kwa darasa linalofuata. La pili, maktaba zetu ziwe na vikundi vya kusoma vitabu viwiliviwili, nakala ya Kiswahili na ya Kiingereza, na kitabu cha kwanza kiwe cha Mnyampala. La tatu, katika kila ofisi, watumishi watenge saa moja kwa wiki kusoma pamoja ukurasa mmoja wa taarifa waliyoandika wenyewe, wapime kila neno, waulize: je, hili ndilo tulilokusudia?

Hayo hayahitaji fungu jipya la bajeti. Yanahitaji uamuzi, na ninyi mliomo humu mnatosha kuuchukua. Naomba wakuu wa shule mlioko hapa tuonane mara tu tutakapofunga, tuandike orodha ya shule zitakazoanza muhula ujao na tupange nani atayakagua madaftari hayo mwisho wa mwaka. Vijana, nanyi msingojee orodha hiyo. Vikadi vya kwanza vinaweza kukatwa leo jioni.

Sasa nayakaribisha maswali, kwa lugha yoyote mtakayopenda.